Kabla Hujauza Kiwanja: Historia ya Nyumba za Kuacha Unga na Pombe, na Nani Aliyelipa

SEHEMU YA 1: MESEJI YA SAA SABA USIKU

Juzi nikiwa zamu ya usiku dada mmoja kanitumia meseji: "Nesi, mume wangu anavuta unga. Nina milioni moja na nusu ya kikoba. Nitajie soba hausi nzuri nimpeleke kesho." Kesho! Nikamwambia asubiri siku mbili niandike, kwa sababu jibu langu haliwezi kutosha kwenye meseji moja. Na wenye swali hilo mko wengi, mnaogopa tu kuuliza hadharani.

Nianze na ya kwetu. Mwaka 2013 nikiwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, mama aliuza kiwanja chake cha Chanika ili ampeleke mdogo wangu soba hausi. Ada ilikuwa laki mbili na nusu kwa mwezi, na kiingilio laki moja. Alikaa miezi minne, akatoka amenenepa, anaswali, tukachinja na kuku. Hazikupita wiki sita akarudi maskani. 2014 tukampeleka tena, miezi sita. 2016 mara ya tatu, miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe: ada na viingilio peke yake ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Kiwanja kikaisha.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Sisi ni watu wa Tandika. Mwaka 2014 dirisha la methadoni lilifunguliwa hospitali ya Temeke, yaani kwa miguu unafika. Bure. Na mimi mwenye sare nyeupe nilikuwa najua lipo, lakini sikumpeleka. Nitawaambia kwa nini nikifika sehemu ya 5.

Nilipoanza kujiuliza tulikosea wapi, nikajikuta nasoma historia. Hizi nyumba zilitoka wapi? Nani aliamua mgonjwa akae mwezi mmoja au mitatu? Nani alikuwa analipa? Nikakuta kosa la mama yangu limefanywa na akina mama wengi kabla yake, kwenye nchi ambazo hata hajawahi kuzisikia. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: WALIPOPELEKWA WA KWANZA

Zamani huku kwetu hapakuwa na mahali pa mlevi wala mla kasumba. Neno lenyewe kasumba ni afyuni, dawa ambayo heroini inatoka ndani yake. Leo tunalitumia kwa mawazo mabaya yaliyoota mizizi, tumesahau kwamba lilikuwa jina la kitu cha kutumia. Mtu akizidiwa alikuwa wa familia yake, wa mganga, wa shehe au wa mchungaji. Akifanya fujo, kamba.

Wakoloni walipojenga, walijenga hospitali za wagonjwa wa akili. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ilianza kama makazi ya watu waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1900 wamisionari Wajerumani wakaigeuza kuwa ya wagonjwa wa akili. Nairobi wakapata Mathari mwaka 1910. Dodoma ikajengwa Mirembe, mwaka 1927. Kwa miaka mingi sana mtu mwenye uraibu akipelekwa hospitali, aliishia wodi hizo hizo. Kwa hiyo mama zetu walijifunza kwamba kumpeleka mtoto hospitali kwa ajili ya unga ni kumwita chizi. Aibu ile bado tunayo mpaka leo, na kuna watu wanaitumia kutupiga bei: "Huku kwetu ni faragha, mama, hakuna atakayejua."

Wakati huo Marekani biashara ilishaanza. Mwaka 1879 daktari mmoja wa reli, Leslie Keeley, alifungua kituo katika mji mdogo wa Dwight, jimbo la Illinois. Alisema ulevi ni ugonjwa. Hapo alikuwa sahihi, tena mbele ya wakati wake. Lakini akasema anayo dawa yenye dhahabu ndani, na hakumwambia mtu imechanganywa na nini. Wagonjwa walichomwa sindano mara nne kwa siku kwa wiki nne, wanalipa, wanaondoka. Matawi yake yakapita 200. Wakemia walioichunguza ile dawa hawakuona dhahabu ya maana ndani yake. Keeley alifariki mwaka 1900 akiwa tajiri, na matawi yakaanza kufa moja moja.

Lakini tumtendee haki. Watu wake hawakufungwa wala kupigwa. Walitembea mjini, wakala vizuri, wakakaa na walevi wenzao wakizungumza, na wakitoka wakaunda vyama vya kusimamiana. Wapo walioacha pombe kweli. Ukiniuliza mimi nesi, walisaidiwa zaidi na kile kikao cha wenzao kuliko kile chupa. Bahati mbaya chupa ndiyo iliyokuwa na bei.

SEHEMU YA 3: SIKU 28 ZILITOKA WAPI?

Mwaka 1935, mji wa Akron, jimbo la Ohio, walevi wawili walikutana: Bill Wilson aliyekuwa mtu wa soko la hisa, na Bob Smith daktari wa upasuaji. Wakagundua kwamba mlevi akiongea na mlevi mwenzake anapata nguvu ya kupitisha siku moja bila pombe. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha walevi wasiojitaja majina, kinachojulikana dunia nzima kwa herufi AA, na baadaye zile Hatua 12. Mwaka 1953 wa dawa za kulevya nao wakapata cha kwao, NA, huko California. Hebu sikiliza hapa: kuingia kwenye mikutano hii hakuna ada. Mpaka leo. Anayeweza anachangia kidogo cha chai na pango la ukumbi, basi.

Mwaka 1949 huko Minnesota ikaanza nyumba inaitwa Hazelden, wakachukua zile Hatua 12 wakaziweka ndani ya kituo cha kulala. Mtindo huo ukakua, ukachanganya madaktari, washauri na watu waliopona wenyewe. Ukajulikana kama programu ya siku 28. Kampuni za bima za Marekani zilipoanza kulipia matibabu haya miaka ya 1970, zikazoea hicho kipimo: siku 28, risiti, kwaheri. Vituo vya kibiashara vikaota kama uyoga kufuata pesa ya bima. Bima zilipobana mkono, vingi vikafungwa.

Kwa hiyo dada, ukisikia "programu yetu ni ya mwezi mmoja", "yetu ni ya miezi mitatu", ujue idadi hiyo haikutoka kwenye ubongo wa mgonjwa. Ilitoka kwenye desturi na kwenye mfuko wa mlipaji. Ubongo uliozoea unga miaka saba hausomi kalenda yako.

Halafu kuna hadithi ya Synanon. Hii naomba kila mama aijue. Mwaka 1958, Santa Monica, California, mlevi aliyeacha, Charles Dederich, alifungua nyumba ya mateja kuishi pamoja na kurekebishana. Mwanzoni ilisifiwa sana. Dawa yake kubwa ilikuwa kikao cha kumkalia mtu mmoja katikati, kumtukana na kumzomea mpaka "avunjike". Taratibu ikageuka. Mkubwa hahojiwi. Anayetaka kuondoka anaitwa msaliti. Wakanyolewa vichwa. Mwaka 1978 wanachama wake waliweka nyoka wa sumu kwenye sanduku la barua la mwanasheria aliyewashtaki. Aling'atwa, akapona kwa tundu la sindano. Synanon ikafa mwaka 1991, lakini ule mtindo wa kuvunja mtu ili umjenge ulikuwa umeshasambaa kwenye vituo vya nchi nyingi.

Ndiyo maana nyumba ikikuambia "usimpigie simu miezi mitatu, ukimsikia analia usijali, ndiyo tiba", mimi nasimama. Kulia kwenye arosto ni kawaida. Kukatazwa kumuona mwanao si tiba.

SEHEMU YA 4: UNGA UNAFIKA PWANI, NYUMBA ZINAFUATA

Kwetu heroini iliingia kwa nguvu miaka ya 1980, ikipitia bandari na njia za biashara za baharini: Mombasa, Malindi, Zanzibar, Dar. Kwanza ile ya kahawia, brauni shuga, watu wanavuta, wanachanganya na bangi. Kuelekea mwaka 2000 ikaja nyeupe inayoyeyuka kwenye maji, na sindano ikaja nayo. Na sindano ya kuchangia ikaleta VVU na homa ya ini. Hapo tatizo likaacha kuwa la "watoto wa uswahilini" likaingia kila nyumba.

Malindi walitangulia kujipanga. Mwaka 1995 ulianza Mradi wa Omari, ukawa na kituo cha kulala kwa vijana wa pwani. Zanzibar nyumba ya kwanza ya kupata nafuu ilifunguliwa mwaka 2009 na vijana waliokuwa wameacha wenyewe. Ikaitwa Detroit, kwa sababu watu wa mji wa Detroit, Marekani, waliosimamia kazi kama hiyo kwao, ndio waliowashika mkono. Umeona safari ilivyokuwa ndefu? Walevi wawili wa Ohio mwaka 1935, mpaka kijana wa Unguja anakaa kwenye duara na kusema, "Naitwa fulani, mimi ni mraibu."

Ile ya Unguja ikazaa nyingine, na bara nazo zikachipuka. Mimi siziponzi. Ukweli usemwe: wakati hospitali nyingi zilikuwa hazina cha kumfanyia mraibu, hawa vijana walimpa kitanda, chakula, ratiba, na mtu wa kumwambia "hata mimi nilikuwa hapo". Wapo wanaume wanalea familia zao leo kwa sababu ya nyumba hizi. Kwa wanawake zilikuwa chache sana, na mpaka leo mama mwenye mtoto mchanga anapata shida kupata mahali.

Shida ni nani analipa. Nyumba haina bima wala bajeti ya wizara. Inaishi kwa ufadhili, ukikatika ufadhili inaishi kwa ada ya familia. Mwenye nyumba naye ana pango, ana mchele, ana umeme. Kwa hiyo hata akiwa mtu mwema, chumba kikiwa wazi kinamuuma. Hawezi kukuambia kirahisi, "Mama, mwanao anahitaji hospitali, si hapa kwangu." Na asiye mwema atakuambia mwezi mmoja bado, lete mwingine.

Mwaka 2016 mdogo wangu alilala na kijana mmoja kitanda cha juu. Simtaji. Familia yake iliishiwa pesa, akatolewa mwezi wa tatu ukiwa haujaisha. Alitoka na afya, na nguo zake zimefuliwa. Siku ya tatu alikutwa amekufa, bomba la sindano pembeni. Watu wakasema kajiua. Hapana. Mwili ukikaa wiki kadhaa bila unga unasahau ule uzito uliouzoea. Kipimo kilichokuwa cha kawaida kabla hajaingia, akitoka kinazima pumzi. Ile familia haikuwahi kuambiwa hilo. Na sisi hatukuambiwa. Siku chache za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kuliko zote, na ndizo ambazo hakuna anayezilipia.

SEHEMU YA 5: DIRISHA LA BURE

Mwaka 1964, New York, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuwapa waraibu wa heroini dawa iitwayo methadoni. Yenyewe ilitengenezwa Ujerumani miaka ya nyuma kama dawa ya maumivu. Inafanya kazi polepole, inakaa mwilini karibu saa 24. Mtu hasikii arosto, hasikii ule mpandisho wa unga, anaweza kwenda kazini. Dole aliilinganisha na ugonjwa unaohitaji dawa kila siku, kama sisi tunavyomwambia mama mwenye kisukari.

Ilichukua karibu miaka hamsini kufika kwetu. Februari 2011 Muhimbili wakaanza, kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo kwa Afrika bara kusini mwa Sahara. 2012 Mwananyamala. 2014 Temeke. Mwishoni mwa 2014 Mathari kule Nairobi, na 2015 Malindi pamoja na Kidongo Chekundu Zanzibar. Baadaye na mikoa mingine ya Tanzania ikafuata. Serikali na wafadhili wakawa wanalipa, na mgonjwa akawa anakunywa dawa mbele ya nesi au mfamasia, kila siku, hata sikukuu.

Sasa kwa nini sikumpeleka mdogo wangu 2014? Nilimgusia mama. Akaniangalia akasema, "Cha bure? Si wanampa unga mwingine tu, wa Serikali." Na mimi, kwa kweli kabisa, moyoni nilikubaliana naye. Nilikuwa nimesoma lakini sikuwa nimeamini. Tuliona kinacholipiwa ndicho tiba, na cha bure ni cha walioshindwa. Tena niliona aibu: wenzangu wa chuo wangemuona mdogo wangu kwenye foleni ile.

Alikwenda mwenyewe 2017, kapelekwa na rafiki yake teja aliyekuwa ameanza dozi. Mwaka wa kwanza haukuwa rahisi. Alikosa siku, alirudia mara mbili, akarudi dirishani. Hawakumfukuza. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona: soba hausi akiteleza tunaanza upya na kiingilio kipya, huku akiteleza kesho yake anakunywa dozi na kuongea na mshauri. Leo anaendesha bajaji, ana mtoto. Asubuhi anapita kliniki kwanza, halafu barabarani.

Na si bure kabisa, nisiwadanganye. Nauli ya kila siku ni pesa. Muda wa foleni ni pesa, kibarua anaweza kupoteza kazi. Ukikaa mbali na kliniki ni mtihani. Na methadoni ni ya heroini na jamii yake tu. Haitibu pombe, haitibu bangi. Hii wengi mnachanganya.

SEHEMU YA 6: KABLA HUJATOA SHILINGI

Dada wa saa saba usiku, hili ndilo jibu langu.

1. Jua anatumia nini. Kama ni unga, kabla ya kulipa popote, uliza kliniki ya methadoni iliyo karibu. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa. Pesa ya kikoba inaweza kuwa nauli ya mwaka mzima.

2. Kama ni pombe ya kila siku, ya miaka, usimfungie ndani aache ghafla. Anaweza kutetemeka, kupata kifafa, kuchanganyikiwa na hata kufa. Siku za kwanza ni za hospitali, penye daktari na dawa. Soba hausi, kama unaitaka, ije baada ya hapo. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini wodini bado nawaona wa konyagi na gongo wanaletwa wakiwa wamechelewa.

3. Nyumba ikuonyeshe usajili wake, na ikutajie hospitali wanayompeleka mtu akizidiwa. Uliza: "Usiku wa manane akianguka, nani anakuja?" Wakigugumia, ondoka.

4. Uliza kama wanamruhusu mtu aendelee na dawa zake: za VVU, za kifua kikuu, za kifafa, na methadoni. Nyumba inayomnyang'anya mtu dawa ili "awe safi" inamhatarisha.

5. Ingia ndani. Ona wanapolala, ona jiko, ona choo. Kama kuna mnyororo, fimbo, au kikao cha kumtukana mtu, kumbuka Synanon.

6. Lipa mwezi kwa mwezi, na risiti. Usilipe miezi sita mkupuo kwa sababu ya punguzo. Uliza kwa maandishi pesa inayorudi akitoka mapema. Kama una kadi ya bima, waulize bima wenyewe kabla, usiamini maneno ya mapokezini.

7. Gawanya pesa yako. Usimalize yote kwenye kulala. Bakiza ya miezi mitatu baada ya kutoka: nauli ya mikutano au kliniki, chakula, mtaji mdogo. Yule kijana wa kitanda cha juu hakuwa na ya kesho.

8. Siku anayotoka, mwambie waziwazi: mwili umesahau, kipimo cha zamani kinaua. Akiteleza asiwe peke yake. Kumwambia hivi si kumruhusu. Mkimkuta hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi, haamki, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, msimwagie maji wala kumpa maziwa.

9. Na wewe mama, watoto wamekula? Ada ya shule ya mtoto wa pili isiende kumtibu wa kwanza bila kikao cha familia. Kwetu mdogo wetu wa mwisho alirudishwa shule kwa ajili ya ada mwaka 2014. Hilo nalo ni deni ambalo mama bado analisema.

Nimemaliza. Mama yangu sasa hivi anakaa na mjukuu, baba mtu akiwa barabarani. Wiki iliyopita alinisikia naandika haya akasema, "Waambie na kile kiwanja kilikuwa kona, barabara mbili." Nimewaambia.

Swali lolote andika hapa chini, au niandikie pembeni kama ni la siri. Nikitoka zamu nitajibu moja moja. Na kama unamjua mama mwenzako anayetafuta mnunuzi wa kiwanja wiki hii, mpelekee hii asome kwanza.